Samuel Johnson na Vitenzi Vyenye Maana Nyingi

Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi hatatizwi sana na maneno marefu. Hutatizwa na vitenzi vifupi. Mtoto aliyekwisha fundishwa kwamba catch ni kukamata humshangaa mwalimu wake amwambiapo kwamba kitenzi hicho hicho hutumika kwa basi, kwa mpira na kwa mafua. Kwetu sisi basi huwahiwa, mpira hudakwa, na mafua ndiyo yamshikayo mtu. Tatizo hili lilimhangaisha kwa miaka mingi Mwingereza mmoja ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu.

Samuel Johnson alizaliwa Lichfield mwaka 1709, mwana wa muuza vitabu, akakua na macho mabovu. Aliingia Oxford mwaka 1728, lakini umaskini ukamtoa baada ya miezi kumi na mitatu tu. Baada ya kuoa mwaka 1735 alifungua shule huko Edial, karibu na kwao, kwa fedha za mkewe. Wanafunzi hawakuja ila wachache, na shule ikafa upesi. Mwaka 1737 alikwenda London kutafuta riziki kwa kalamu, akifuatana na mmoja wa wanafunzi wale, David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri.

Mwaka 1746 wauza vitabu walikubaliana naye atunge kamusi kwa malipo ya pauni 1,575. Aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Ilimchukua karibu tisa. Darini mwa nyumba yake ya Gough Square, akiwa na wasaidizi sita, alisoma vitabu vya waandishi bora, akapiga mistari chini ya maneno, na wasaidizi wakanakili sentensi zile. Ndipo vitenzi vilipomshinda. Nafasi aliyokuwa ameviwekea katika madaftari haikutosha, maana kila sentensi mpya ilileta maana isiyoingia katika mafungu aliyokwisha yapanga. Ilimbidi ayaache madaftari hayo na kuanza upya. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ulihitaji ushujaa kuliko kazi yote iliyobaki, kwani fedha zilikuwa zikiisha. Mkewe alifariki mwaka 1752, kabla kazi haijakamilika.

Kamusi ilitoka Aprili 1755, yenye maneno zaidi ya 42,000. Kitenzi take peke yake kilipewa maana zaidi ya mia moja. Katika catch alitenganisha kushika kwa mkono ghafla, kudaka kitu kinachoruka, kumkamata anayefukuzwa, kunasa mtegoni na kuambukizwa maradhi. Overtake aliieleza kuwa ni kumfikia anayetangulia, au kumjia mtu bila yeye kutazamia. Kumpita hakukutaja. Leo dereva atumiapo neno hilo barabarani huwa na maana ya kupita, na mwanafunzi asiyejua maana ile ya kwanza atapotoka akisoma hadithi ya zamani ambamo mkimbizi amefikiwa na kushikwa.

Kamusi haikumtajirisha. Mwaka uliofuata alikamatwa kwa deni dogo, akaokolewa na rafiki. Tangu 1762 serikali ilimlipa pauni 300 kwa mwaka. Alifariki tarehe 13 Desemba 1784, na sehemu kubwa ya mali yake akamwachia Francis Barber, mtumishi wake aliyezaliwa utumwani Jamaika, ambaye Johnson alikuwa amemsomesha kwa gharama zake mwenyewe.