Kennedy na bamba la chuma mgongoni

Wazee wetu wanalikumbuka jina la John F. Kennedy, rais wa Marekani aliyempokea Mwalimu Nyerere mjini Washington mwaka 1963, miezi michache kabla ya kuuawa. Wengi hatukujua kwamba mgongo nusura umuue mapema zaidi.

Alizaliwa 1917, kwenye familia tajiri. Agosti 1943, vitani katika visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iliikata boti yake vipande viwili. Alimvuta majini kwa saa kadhaa mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la kuokolea ukiwa katikati ya meno yake. Mwaka uliofuata alipasuliwa mgongo, lakini maumivu yakabaki.

Kufikia 1954 alikuwa seneta anayetembea kwa magongo. Tena alikuwa na ugonjwa wa Addison: tezi zilizo juu ya figo hazitoi homoni za kutosha, na mwili hauhimili vizuri mshtuko wa upasuaji. Baadhi ya madaktari walimkataza. Yeye akaona heri kujaribu kuliko kuishi na magongo.

Oktoba 21, New York, alifungwa bamba la chuma kwa skurubu sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Siku chache baadaye alipata maambukizi ya njia ya mkojo, akapoteza fahamu, padri akaitwa. Alizinduka, ila kidonda kilikataa kufunga.

Hapa tueleze kidogo. Vijidudu vikishika chuma hujijengea utando juu yake, na chuma hakina mishipa ya damu ya kufikisha dawa. Ndiyo maana mara nyingine dawa pekee hazitoshi. Mwenye chuma mwilini akipata homa, au kidonda kikitoa usaha hata baada ya miezi, arudi hospitali haraka.

Kwa Kennedy, bamba liliondolewa Februari 1955. Mei akarudi bungeni. Mwaka huohuo madaktari waliandika kisa chake katika jarida la upasuaji, bila jina: mwanamume wa miaka 37 mwenye Addison. Wapiga kura hawakuambiwa.

Septemba 1957 alilazwa tena, jipu la mgongoni likakamuliwa. Akiwa rais, mazoezi ya viungo yalimsaidia sana, kuliko visu vyote, kwa maoni yetu. Lakini mkanda mpana wa kubana kiuno hakuuacha. Novemba 22, 1963, ndani ya gari la wazi mjini Dallas, alikuwa ameuvaa.