Isaac Watts: Mshairi wa kanisani aliyemwamsha fundi wa majalada

Marehemu babu yangu aliacha kasha, na ndani yake daftari aliloliandika kwa mkono wake kwa hati za Kiarabu. Upande mmoja zilikuwamo tenzi alizozinakili. Upande wa pili zilikuwamo hesabu za Nairuzi, yaani ile miongo ya mwaka ambayo manahodha na wakulima wa pwani yetu waliitumia kujua majira ya kusafiri na majira ya kupanda. Alipofariki tulilifunga kasha, tukalitia uvunguni, tukaona tumeiweka amana mahali pema. Siku tuliyolifungua, mchwa walikwisha maliza kazi yao. Lilibaki jalada na vumbi. Sikuwa na wa kumlaumu. Hati zile nilikuwa nazisoma, na kwa miaka yote ile sikunakili hata ukurasa mmoja.

Kasha hilo hunijia moyoni kila nisomapo maisha ya Isaac Watts, Mwingereza aliyekufa mwaka wa 1748. Huenda wengine wakaniuliza, kulikoni Mwislamu, mtoto wa Mji wa Kale, kushughulika na mtunzi wa nyimbo za kanisani? Imani yake si yetu, wala sikukusudia kuijadili hapa. Lakini mtu huyu alikuwa mshairi na mwanachuoni kwa pamoja, kama walivyokuwa wengi katika mashekhe wetu wa zamani, na yaliyovipata vitabu vyake baada ya kufa kwake yana funzo kwetu sisi wenye makasha.

Watts alizaliwa tarehe 17 Julai 1674 katika mji wa bandari wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Zama hizo mtu aliyetaka kuabudu nje ya kanisa la serikali alikuwa akijitafutia balaa. Baba yake alikuwa mmoja wa hao waliojitenga, na kwa ajili hiyo alitiwa jela. Inasimuliwa kuwa mama alikuwa akienda na mwanawe mchanga, akikaa juu ya jiwe nje ya jela na kumnyonyesha papo hapo.

Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika. Kilatini alianza kufunzwa akiwa na umri wa yapata miaka 4, na kabla ya kutimiza miaka 14 alikuwa amekwisha ingia katika Kiyunani, Kifaransa na Kiebrania. Walipoiona akili yake, wenye uwezo mjini walijitolea kumlipia masomo ya chuo kikuu. Lakini vyuo vikuu vya Uingereza wakati huo vilikuwa vya watu wa kanisa la serikali. Lau angalikubali kuliacha kanisa la baba yake, milango ingalifunguka. Alikataa. Mwaka wa 1690 akaenda Stoke Newington, karibu na London, katika chuo kidogo cha hao waliojitenga, kwa mwalimu aitwaye Thomas Rowe.

Aliporudi nyumbani mwaka wa 1694, jambo moja lilimkera. Katika makanisa mengi ya Kiingereza ya siku zile hapakuimbwa ila Zaburi zilizotiwa katika mashairi ya kale, yenye lugha iliyochakaa. Karani alisoma mstari mmoja, watu wakauimba. Akasoma wa pili, wakaimba tena, na maana ikakatikakatika njiani. Inasimuliwa kuwa kijana alipolalamika, babake alimwambia kama hayampendezi basi na atunge yaliyo bora. Naye akatunga. Watu wakaimba wakataka zaidi, na kwa muda wa yapata miaka miwili aliyokaa kwao alitunga nyingi katika nyimbo zilizoingia katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1707.

Hapa nataka wapenzi wa mashairi wanisikilize. Watts hakutafuta bahari za ajabu. Alishika zile ambazo watu walikwisha zizoea: ubeti wa mistari minne, mstari wa kwanza na wa tatu ukiwa na mizani 8, wa pili na wa nne mizani 6; au mistari yote minne ikiwa na mizani 8. Faida yake ni kuwa mahadhi yoyote yaliyofaa wimbo mmoja yaliufaa na mwingine, kama mjuzi wa utenzi ajuavyo kuwa kipande cha mizani 8 hukubali mahadhi mengi. Tena aliyachuja maneno yake kwa makusudi, akaacha yale ya fahari, ili hata asiyejua kusoma apate kufuata. Asiyewahi kutunga huona hilo ni jambo jepesi. Aliyewahi anajua kuwa neno jepesi lililokaa mahali pake ndilo gumu kupatikana.

Si wote walioridhika. Wako waliosema kuwa kumwimbia Mungu kwa maneno ya kutungwa na binadamu ni uzushi, na mabishano hayo yaliendelea muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kuondoka duniani. Sisi nasi twayajua mabishano ya namna hiyo. Mwaka wa 1719 akatoa Zaburi zote karibu kwa mtungo wake mwenyewe, na akathubutu hata kuitaja Uingereza pale palipotajwa Israeli. Wamarekani walipojipatia uhuru wao iliwabidi kwanza wayafute maneno hayo, ndipo waendelee kuimba. Lakini waliendelea. Wimbo alioutoa katika Zaburi ya 98 huimbwa mpaka leo wakati wa Krismasi katika nchi nyingi, na ule wa Zaburi ya 90 huimbwa siku za maombolezo.

Kwa umbo Watts alikuwa mfupi sana, mdhaifu wa mwili, na maradhi hayakumwacha. Mwaka wa 1702 alifanywa mchungaji wa kanisa moja la London, lakini mwaka wa 1712 homa ilimwangusha hata asiweze kazi. Sir Thomas Abney, aliyewahi kuwa meya wa London, akamkaribisha nyumbani kwake apumzike. Alikwenda kwa ziara fupi, akakaa miaka 36, mpaka kufa kwake. Sir Thomas alipofariki mwaka wa 1722, mkewe na bintize waliendelea kumtunza. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni huyu lilikuwa kalamu, na wenyeji wake hawakuwahi kumwona kuwa ni mzigo.

Hakuoa. Palikuwa na mtunzi wa kike, Bibi Elizabeth Singer, aliyeyapenda mashairi yake. Watts alimposa, akakataliwa, kwa kuwa bibi huyo aliipenda akili yake lakini umbo lake halikumpendeza. Wengine wangaliingiwa na chuki. Hawa wawili waliendelea kuwa marafiki, na bibi huyo, aliyekwisha kuolewa na mwingine na kuwa mjane, alipofariki mwaka wa 1737, Watts ndiye aliyeachiwa amana ya sala alizoziandika. Alizipanga akazipeleka matbaani mwaka huo huo. Nawaombeni mlitie akilini tendo hilo.

Sasa nije kwenye upande wake wa pili, ambao hata wengi wa wanaoimba nyimbo zake hawaujui. Kabla ya uchungaji, kuanzia mwaka wa 1696, Watts alikuwa mwalimu wa nyumbani kwa Sir John Hartopp. Kwa ajili ya kijana wa nyumba hiyo aliandika masomo ya mantiki, na mwaka wa 1724 yakatoka kitabu, jina lake Logick. Kiligawanywa sehemu nne: namna tunavyopata picha ya kitu akilini, namna tunavyokihukumu, namna tunavyotoa hoja, na namna ya kuyapanga tuliyoyajua. Mashekhe waliosoma mantiki katika shairi la Al-Akhdari, Sullam, hawatahisi ugeni mkubwa humo. Kitabu hicho kilisomeshwa Oxford, yaani katika chuo kikuu kile kile ambacho mwandishi wake asingaliingia bila ya kubadili kanisa.

Mwaka wa 1726 alitoa kingine, cha falaki na jiografia, akieleza nyota, jua na umbo la dunia kwa kutumia tufe na ramani. Asiyekuwa na pesa za kununua tufe alionyeshwa humo namna ya kufanya hesabu zake kwa rula na bikari tu. Na mwaka wa 1741 akatoa The Improvement of the Mind, kitabu kinachofundisha namna ya kujifunza: kusoma kwa makini, kuandika uyasomayo, kuhudhuria masomo ya walio wajuzi, kujadiliana na wenzako, na kuandikiana barua ili fikira zisafike.

Watts alikufa tarehe 25 Novemba 1748, akazikwa Bunhill Fields, London. Vitabu vyake havikuzikwa pamoja naye. Wachapaji walivirudia mara kwa mara, Uingereza na Marekani. Hata Benjamin Franklin, kabla ya kuwa mtu mkubwa, aliwahi kuzipiga chapa zile Zaburi huko Philadelphia mwaka wa 1729. Logick ilifika chapa ya 20 na zaidi, na ilichapwa upya hata katika karne ya 20.

Mwaka wa 1805, miaka 57 baada ya kifo cha Watts, mtoto wa mhunzi mwenye umri wa miaka 14 alitiwa katika duka moja la London kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Jina lake lilikuwa Michael Faraday. Shule aliyosoma ilikuwa kidogo mno. Lakini vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alivisoma, na kimoja alichokiona kilikuwa kile cha Watts cha kujifunza. Alifuata yaliyomo kama mgonjwa afuatavyo maagizo ya tabibu. Alifungua daftari, akahudhuria masomo, akaunda urafiki wa barua. Mwaka wa 1812 alisikiliza masomo manne ya Humphry Davy, bingwa wa kemia, akayaandika yote kwa uangalifu, akayajalidi kwa mikono yake na kumpelekea mwenyewe. Machi 1813 Davy akampa kazi katika maabara yake. Mwaka wa 1831 Faraday alionyesha kuwa sumaku ikisogezwa karibu na waya huzalisha umeme. Mitambo mikubwa ya umeme ya leo, kutoka ile ya maji ya Mto Tana mpaka kwingine ulimwenguni, inafanya kazi kwa kanuni hiyo.

Sisemi kuwa Watts ndiye aliyevumbua umeme. Nasema kuwa alikufa miaka 43 kabla ya Faraday kuzaliwa, na kitabu chake hakikumpata kijana huyo ila kwa sababu watu wasiokuwa na majina walikirudia kukipiga chapa, na wengine walikubali kukijalidi kilipochakaa.

Nasi pwani tulikuwa na watu wa namna hiyo. Siyu ilisifika kwa mafundi wa kunakili na kujalidi Misahafu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, yangalipotea kama si Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa watu, na mmishonari W. E. Taylor aliyeyahifadhi, mpaka William Hichens akayatoa katika diwani mwaka wa 1940. Miaka yapata 100 Muyaka alitegemea kumbukumbu za watu na makaratasi machache.

Mali bila daftari huisha bila habari, wasema wahenga. Ya babu yangu yalikuwa na daftari, na bado yaliisha bila habari, kwa kuwa nakala moja ni chakula cha mchwa. Basi nawaomba ndugu zangu, wa Lamu, wa Mombasa, wa Vanga na kwingineko: lifungueni kasha juma hili. Mwenye kujua hati na anakili. Asiyejua na amwite anayejua, kisha nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine. Huenda katika mtaa wenu yuko kijana wa miaka 14, hajui anachokitafuta, na kimo ndani ya kasha la babu yako.