Muyaka na Wenziwe wa Zamani

Wengi wetu humsifu Muyaka bin Haji kwa ubingwa wa mashairi. Mimi hufikiria zaidi uzee wake.

Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Alikuwa mtu wa karibu wa watawala wa Kimazrui, na Sayyid Said wa Oman alipoutaka mji, Muyaka aliwapigania wenziwe kwa tungo. Mwaka 1837 Mazrui wakaanguka. Wakuu wao walikamatwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas. Muyaka, mwenye umri wa miaka sitini hivi, akabaki katika mji uliopungukiwa na wale aliokua nao. Akafariki yapata 1840.

Tungo zake hazikufa naye kwa sababu wazee wa mji walizihifadhi vifuani. Miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya, akamwandikia mmishonari William Taylor. Diwani ya Muyaka ikachapishwa 1940, karne moja baada ya kifo chake.

Ndiyo maana nawaambia wazee wenzangu: watoto wanatupenda, lakini ujana wetu hawakuuona. Aliyesoma nawe chuoni ndiye ajuaye ulivyokuwa, na akiondoka huondoka na sehemu ya umri wako. Ikiwa mlikosana kwa shamba au siasa, sameheaneni. Msingoje kukutana matangani. Baada ya swala ya Ijumaa, nenda kampigie hodi, mnywe kahawa. Muyaka hakupewa nafasi ya kuwatembelea wenziwe kule Bandar Abbas. Wewe wako yuko mtaa wa pili.