Bill Wilson: aliacha pombe, huzuni ikabaki



Huku Ngara na Biharamulo mtu akizidiwa na rubisi au gongo, tunamwambia aende kwa paroko, aahidi mbele za Mungu, aache. Akiacha halafu bado anajifungia ndani, hataki watu, hana usingizi, tunasema imani yake ni ndogo. Ndiyo maana leo nawaletea Bill Wilson, Mmarekani aliyeanzisha AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha. Si mtakatifu, na Mkatoliki hakuwa, ila kwa kweli ana la kutufundisha.

Alizaliwa 1895 jimbo la Vermont. Akiwa na miaka kama kumi baba aliondoka, mama naye akaenda masomoni, kijana akalelewa na babu na bibi. Mwaka 1912 msichana aliyempenda alifariki baada ya upasuaji. Bill akaanguka kabisa, hata shule ikamshinda. Angalieni vizuri hapo: alikuwa bado hajaonja pombe. Alianza kunywa 1917 akiwa jeshini, kijana mwenye aibu mbele za watu, na aibu yote ikayeyuka. Yaani pombe ilikuwa dawa yake kabla haijawa ugonjwa wake. Shida ni kwamba ikishatoka kichwani huzuni inarudi imezidi, basi unaongeza. Nikipita Benaco, ambako 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika kwa mamia ya maelfu, huwa najiuliza ni wangapi wanakunywa ili tu wapate usingizi.

Bill alilazwa New York mara nne. Desemba 1934, kitandani hospitalini, alihisi Mungu yupo pale chumbani, na hakurudia ulevi tena. Mwaka uliofuata akaanzisha AA pamoja na Daktari Bob Smith mjini Akron.

Wengi wanaishia hapo. Mimi naona habari yenyewe ndiyo inaanza. Mwaka 1944, karibu miaka kumi bila tone, sonona ilimrudia na kumkalia kama miaka 11. Siku nyingine kutoka kitandani tu ilikuwa kazi, huku watu wengi wakiwa wamepona kwa njia aliyoianzisha yeye. Jamani, hebu fikirieni aibu hiyo!

Hakurudi kwenye chupa. Alikwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, Harry Tiebout. Tena alikuwa na Padre Edward Dowling, Mjesuiti wa St. Louis, aliyemtembelea usiku mmoja wa mvua mwaka 1940, akichechemea kwa ugonjwa wa viungo. Bill alimfungulia moyo wote, na urafiki wao ukadumu mpaka padre alipofariki 1960. Daktari na padre, wote wawili. Sisi tunapenda kumchagulia mgonjwa mmoja tu, na mara nyingi daktari ndiye anayeachwa.

Huzuni ile ilianza kumwachia mwaka 1955 hivi. Alifariki Januari 1971, mapafu yakiwa yameharibiwa na sigara. Katika wiki zake za mwisho, baada ya miaka 36, aliomba wiski. Hakupewa.