Kirilo Japhet: Mtu Aliyetumwa na Wameru

Ndugu wana-Meru, kila mwaka kitabu chetu cha harambee hubeba maisha ya mmoja wa wazee wetu waliotangulia. Safari hii ni Kirilo Japhet. Hatukumchagua kwa sababu alifika New York. Tumemchagua kwa namna alivyotumwa.

Habari ya Engare Nanyuki wengi wetu tuliisikia jikoni kwa bibi. Serikali ya Waingereza iliamua kwamba mashamba namba 31 na 328 yawe ranchi za walowezi wa Kizungu, na Wameru waliokuwamo wahamie King'ori. Novemba 1951 askari wakaja. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakabaki bila makao. Fidia waliyopewa waliikataa. Wengi walipanda mlimani kwa ndugu zao, wakabanana humo humo kwenye migomba.

Wameru wa siku zile hawakuwa kitu kimoja. Kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya kiti cha Mangi, na wazee hawakuwaamini sana vijana waliosoma. Lakini juu ya ardhi, washili wa koo, Wakristo wa Kilutheri, wazee na vijana walikaa pamoja wakakubaliana kipi kitangulie. Mengine yangesubiri. Ndipo michango ikaanza kukusanywa, kwa watu ambao wengi wao walikuwa na kahawa kidogo na ng'ombe wachache tu.

Kwa fedha hizo wakamtuma Kirilo, kijana wao, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo, akaeleza yaliyowapata watu wake. Baadaye mwaka huo huo shauri lilifika Baraza Kuu. Kamati ilikuwa upande wa Wameru, ila katika kikao cha wote zilikosekana kura za kufikisha theluthi mbili. Ardhi haikurudishwa.

Sisi tunaotunza vitabu vya chama hiki tungeandika hasara hapo: fedha zimetoka, ardhi haikuingia. Na mtu mwingine angeona aibu kurudi. Kirilo alirudi, akawaeleza waliomtuma jinsi mambo yalivyokwenda, kisha akazunguka sehemu nyingi za Tanganyika akiisimulia kesi ile. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 watu wengi walikwisha kuijua njia ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza lile lile. Nyumbani, Kirilo na wenzake waliendelea na Chama cha Raia wa Meru. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo. Walowezi hawakudumu, na leo Ngarenanyuki wanalima nyanya wajukuu wa waliofukuzwa.

Tumeandika haya tukiwa na deni. Mwaka jana sisi wa kamati, tukiwa mjini, tuliamua wenyewe kwamba fedha zijenge uzio wa shule, tukawatangazia vijiji. Kumbe akina mama walikuwa wakiomba bomba la maji, na vikundi vyao vilikwisha kuchanga sehemu yake. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Uzio upo, ni mzuri, na watoto wanaupita wakiwa na ndoo kichwani.

Kwa hiyo mwaka huu hatutangazi mradi. Ukurasa wa mwisho una fomu. Vikundi vya akina mama, vijana, sharika na washili wameombwa kukaa pamoja na serikali za vijiji na kujaza jambo moja tu la kutangulia. Nanyi mlioko mijini jazeni, ila fomu zipelekwe kijijini kwanza. Tutasoma majibu mbele ya wote siku ya harambee, kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, pamoja na hesabu za uzio, shilingi kwa shilingi.