Ubingwa wa Hogan haukuwa wa kuzaliwa nao

Kuna itikadi iliyokita mizizi miongoni mwa wapenzi wa michezo kwamba bingwa huzaliwa, hafunzwi. Husemwa hivyo kuhusu wanariadha na wanakandanda, na husemwa zaidi kuhusu wachezaji wa gofu, mchezo ambao wengi huuona kuwa milki ya matajiri. Mimi siafikiani na itikadi hiyo, na shahidi wangu ni Mmarekani Ben Hogan, aliyefariki dunia mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 84.

Hogan alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la Texas. Babake alikuwa mhunzi. Mwaka 1922, Ben akiwa na umri wa miaka tisa tu, baba huyo alijitoa uhai, na familia ikabaki mjini Fort Worth ikihangaikia riziki. Mtoto aliuza magazeti katika stesheni ya gari la moshi. Alipotimiza miaka 11, alikwenda katika kilabu cha Glen Garden kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo kwa malipo kidogo. Aliingia katika gofu kwa mlango wa vibarua, kama walivyoingia wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa hapa Kenya.

Katika kilabu hicho alikuwemo kijana mwingine wa rika lake, Byron Nelson. Mwaka 1927 wawili hao walikutana katika shindano la wabeba mifuko, na Nelson akaibuka mshindi. Huyo ndiye aliyeonekana kuwa na kipawa. Hogan alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, na mchezo wake haukumvutia yeyote.

Aligeukia gofu ya kulipwa mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 17. Hapo ndipo masaibu yalipoanza. Zaidi ya mara moja aliishiwa na fedha, akarejea nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1935 alimwoa Valerie Fox, na mke huyo akasafiri naye kutoka mashindano hadi mashindano, mifuko yao ikiwa karibu kukauka. Hadi 1940 ndipo Hogan aliposhinda shindano lake la kwanza akiwa peke yake, huko Pinehurst. Msomaji na ahesabu mwenyewe: miaka kumi.

Je, ni kitu gani kilichomchelewesha? Ulikuwa ugonjwa mmoja. Mpira wake uliondoka kwa kasi, kisha ukapinda ghafla kushoto na kutumbukia vichakani. Wachezaji wenye dosari kama hiyo aghalabu hubadilisha fimbo, hulaumu upepo au humnung'unikia mbeba mfuko. Hogan aliutafuta ugonjwa katika mikono yake mwenyewe. Aliusogeza mkono wa kushoto kidogo juu ya fimbo, akaulegeza uwezo wake wa kuugeuza uso wa fimbo, kisha akapiga mipira kwa saa nyingi ili mazoea mapya yafukuze ya kale. Zama hizo wachezaji wengi hawakuona haja ya mazoezi ya muda mrefu. Yeye alikesha akichunguza mshiko, msimamo, na jinsi kiuno na mabega yanavyozunguka. Hatimaye mpira ulianza kupinda polepole kuelekea kulia, na kuanguka pale alipotaka.

Hata hivyo, tiba hiyo haikumfanya malaika. Mwaka 1946 alipoteza nafasi katika mashindano mawili makuu, Masters na Marekani Open, kwa sababu katika shimo la mwisho alihitaji mikwaju mitatu ya kuusukuma mpira hadi shimoni. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, alitwaa ubingwa wa PGA. Mwaka 1948 akaongeza Marekani Open.

Tarehe 2 Februari 1949, akiendesha gari katika ukungu wa Texas, aligongana ana kwa ana na basi. Alijirusha upande wa mkewe ili amkinge, na kitendo hicho cha mapenzi kikamwokoa yeye pia, kwani usukani ulipenya kiti alichokuwa amekalia. Nyonga ilivunjika, na mtulinga, na kifundo cha mguu. Damu ikaganda mishipani, ikawabidi madaktari waufunge mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Ilidhaniwa huenda asitembee tena sawasawa.

Miezi 16 baadaye, katika uwanja wa Merion, Hogan alishinda Marekani Open miguu yake ikiwa imefungwa bendeji, baada ya kucheza mashimo 36 kwa siku moja na mengine 18 ya kuamua mshindi siku iliyofuata. Mwaka 1953 alishinda Masters, Marekani Open na British Open ya Carnoustie, shindano ambalo alilicheza mara hiyo moja tu maishani. Aliacha mataji makuu tisa.

Wengi husimulia habari za basi na kusahau habari za mipira. Kwa maoni yangu, wanakosea. Ujasiri ulimrudisha uwanjani, lakini ujasiri pekee hauupeleki mpira kwenye shimo. Mwili uliovunjika ulipata msaada kutoka kwa mchezo uliojengwa kwa miaka mingi, hatua kwa hatua, kabla ya ajali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Hogan alikuwa ameinama zamani, wakati hapakuwa na mtu wa kumtazama wala kumshangilia.

Aliyoyajua aliyaandika katika kitabu cha masomo matano, kilichotoka mwaka 1957, na ambacho wanagofu wangali wanakisoma. Humo hamna uganga wowote. Mna mikono, miguu, kiuno na subira. Hata yeye, uzeeni, alishindwa na mikwaju mifupi karibu na shimo, na mazoezi hayakumponya.

Kwa hivyo kijana anayebeba mfuko wa mwenzake leo asiambiwe kwamba vipawa viligawanywa akiwa hayupo. Na aambiwe ukweli ulio mgumu zaidi: atafute dosari yake moja, aitaje kwa jina, na awe tayari kuishughulikia kwa miaka kumi.