Fela Kuti: wimbo uliomgharimu mama yake

Mwezi wa kumi na moja 2009, mjini New York, jukwaa la Broadway lilifungulia watu mchezo wa nyimbo na ngoma unaoitwa Fela!. Watazamaji wanakuta wako Lagos, mwaka wa 1978, ndani ya Shrine, pahali Fela Kuti alikuwa anapiga muziki usiku. Mama yake amekufa miezi michache tu. Mchezo wote unamzunguka huyo mama.

Fela alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1938 kule Abeokuta, kusini-magharibi ya Nigeria. Baba yake alikuwa pasta na mkubwa wa masomo. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, alisimamisha maelfu ya wanawake, wengi wao wauzaji wa sokoni, wakakatala kodi, mpaka mwaka wa 1949 mfalme wa Abeokuta akaacha kiti.

Mwaka wa 1958 jamaa ilimtuma Fela London asome udaktari. Kufika kule, akajiandikisha kwa masomo ya muziki. Mwaka wa 1969 akapeleka kundi lake Marekani. Ni kule Los Angeles mwanamke mmoja, Sandra Smith, alimfungua macho juu ya mapambano ya watu weusi. Aliporudi Lagos, hakuwa tena mwimbaji wa mapenzi. Yeye na mpiga ngoma Tony Allen walichanganya highlife, jazz, funk na ngoma za Kiyoruba, ikatoka afrobeat. Aliimba kwa pidgin, Kiingereza cha barabarani, ili hata dereva na muuzaji wa soko wasikie.

Nyumba yake akaiita Jamhuri ya Kalakuta, sawa vile inchi yenye kujitawala. Jina la Ransome akalitupa, akachukua Anikulapo, maana yake mwenye kubeba kifo ndani ya mfuko wake.

Mwaka wa 1976 akatoa Zombie, wimbo wa kucheka askari wanaofuata amri bila kufikiri. Watoto wakauimba mitaani. Tarehe 18 Februari 1977, waaskari karibu 1000 wakazunguka Kalakuta. Walipiga watu, wakachoma nyumba, vyombo vya muziki na kanda zake. Mama Funmilayo, mwenye miaka 76, wakamtupa kupitia dirisha. Alikufa mwezi wa nne 1978. Tume ya serikali ikasema waliofanya vile ni askari wasiojulikana. Baadaye Fela akabeba sanduku la maiti mpaka kwenye kambi ya mkubwa wa inchi.

Hakuwa malaika. Alivuta bangi mbele ya wote, na mwaka wa 1978 alioa wanawake 27 kwa siku moja. Lakini gereza halikumnyamazisha. Mwaka wa 1984 utawala wa kijeshi ulimhukumu miaka mitano juu ya pesa za kigeni, akatoka 1986, akaendelea kuimba.

Alikufa tarehe 2 Agosti 1997, akiwa na miaka 58. Kaka yake Olikoye, daktari aliyewahi kuwa waziri wa afya, akatangaza wazi kwamba ni SIDA. Wakati ule watu wengi waliuficha ugonjwa huo, na Fela mwenyewe alikuwa amedharau kondomu. Ukweli huo wa jamaa ulishtua Nigeria nzima. Makundi makubwa ya watu yalijaza Lagos kumzika.

Mchezo wa Broadway unasimama mbele ya ugonjwa huo. Ulipata zawadi tatu za Tony mwaka wa 2010, na mwezi wa nne 2011 ukafika Lagos yenyewe. Leo nyumba yake ya mwisho, kule Ikeja, ni makumbusho, na kaburi lake liko palepale. Lakini juu ya mama aliyetupwa dirishani, hakuna askari hata mmoja aliyehukumiwa.